Mkono Uliokatika Haulipwi kwa Mbuzi

Wahenga walisema ya kuwa ajali haina kinga. Neno hilo ni la kweli, lakini watu wengi hulitumia mahali pasipo pake. Mfanya kazi wa shamba akijikata kwa panga, au akipondwa vidole na mashine, husemwa, “Ni ajali tu,” na maana ya wasemao ni kwamba shauri limekwisha. Katika nchi ya Kenya shauri halikwishi hapo. Hapo ndipo linapoanza. Ajali haina kinga, naam, lakini ina sheria yake, ina siku zake za kuhesabiwa, na ina malipo yake. Asiyezijua siku hizo aweza kuyakosa malipo hayo hata kama haki ni yake kabisa.

Jambo hili lawahusu watu wengi kuliko wanavyodhani. Zamani ilifikiriwa ya kuwa ajali za kazi ni mambo ya viwanda, migodi na reli. Uingereza ilipotunga sheria yake ya fidia mwaka 1897, watu wa mashamba waliachwa nje, wakaingizwa mwaka 1900. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba wa 12, ambao shabaha yake ilikuwa kuwapa wafanya kazi wa mashamba fidia sawasawa na wenzao wa viwandani. Hapa Kenya sheria ya fidia iliyotungwa siku za ukoloni, iliyojulikana kwa jina la Mlango wa 236, iliendelea kutumika miaka mingi baada ya Uhuru, mpaka ilipoondolewa na sheria mpya ya mwaka 2007 iliyoanza kutumika mwaka 2008. Sheria hiyo mpya watu wa ofisini huiita WIBA. Ndiyo inayotumika, na mfanya kazi wa shamba yumo ndani yake.

Hatari za shamba

Mtu asiyejua kazi ya shamba hudhani ni kazi ya hewa safi isiyo na hatari. Lakini aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Taita ajua mwiba wa jani la mkonge unavyoweza kulipofua jicho, na ajua jinsi mashine ya kuchambulia nyuzi isivyochagua kati ya jani na mkono. Huko Kericho na Nandi kuna mashine za kuchumia majani ya chai zenye wembe mrefu. Naivasha, katika mashamba ya maua, kuna dawa za kuulia wadudu ambazo mtu huvuta pumzi yake pasipo kujua. Katika mashamba ya ngano ya Narok na Uasin Gishu kuna matrekta yanayopinduka kwenye miteremko. Na katika boma ndogo za Nyandarua na Kiambu, mahali penye ng'ombe watatu au wanne wa maziwa, kuna ile mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, ambayo imewakata vidole watu wengi, kwa kuwa mtu husukuma majani kwa kiganja huku akiongea na mwenzake.

Mashine hiyo ya mwisho yafaa kufikiriwa sana, maana mwenye mashine si kampuni kubwa yenye karani na daktari wake. Ni mzee mmoja mwenye ekari tano, au mama mjane, au mwalimu anayekaa mjini na kumwachia kijana boma lake. Watu hawa hawajihesabu kuwa matajiri wa kazi. Wao huona ya kwamba tajiri ni yule mwenye shamba la ekari elfu. Sheria haitazami hivyo. Mtu akimwajiri mwingine kwa mshahara, hata kama mapatano yao yalifanywa kwa mdomo chini ya mti, yeye ni mwajiri, na yule mwingine ni mfanya kazi.

Saa ya kwanza

Kabla ya kunena juu ya fedha, inafaa kunena juu ya damu. Mtu akikatika, abonyezwe jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu na bila kuachia, na mkono uinuliwe juu kuliko moyo. Asipakwe udongo, wala ugoro, wala kahawa, wala mafuta ya taa. Vitu hivyo havizuii damu, bali huingiza uchafu unaoweza kuleta pepopunda. Kidole kikikatika kabisa kisitupwe. Kifungwe katika kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na mfuko huo uwekwe katika maji baridi au juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Kisha kipelekwe hospitali pamoja na mwenyewe, maana mara nyingine daktari aweza kukirudisha.

Mtu akimwagikiwa na dawa ya kunyunyizia, avuliwe nguo zile upesi, aoshwe kwa maji mengi na sabuni. Ikimwingia machoni, macho yaoshwe kwa maji yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15. Akiimeza, asilazimishwe kutapika. Na chupa ya dawa, au walau karatasi yake yenye jina, ichukuliwe hospitalini, kwa kuwa daktari asiyejua jina la sumu hufanya kazi gizani.

Katika saa hiyo ya kwanza sheria yamtaka tajiri afanye mambo matatu. Awe na vifaa vya huduma ya kwanza mahali pa kazi. Atoe gari, au njia nyingine ya kumfikisha mgonjwa hospitalini. Na gharama za matibabu zilizo za haki, yaani daktari, dawa, kulazwa, safari, hata kiungo cha bandia kikihitajiwa, zimwangukie yeye. Si sadaka anayomtolea mfanya kazi, ni deni. Tena gharama hizo hazikatwi katika fidia itakayolipwa baadaye.

Habari itolewe upesi

Mambo mengi huharibika siku ya pili na ya tatu. Mtu aliyeumia huona aibu, au huogopa kufukuzwa kazi, basi hunyamaza. Hufunga kidole kitambaa, akaendelea na kazi. Baada ya wiki mbili mkono umevimba, na nyapara asema hakuona chochote. Hapo ushahidi umekwisha kupotea.

Sheria haikuweka mambo magumu. Mfanya kazi ampe tajiri habari ya ajali, kwa mdomo au kwa maandishi, naye akishindwa kwa sababu ya maumivu, mwenzake aweza kumpa habari kwa niaba yake. Ikiwa mtu amekufa, habari itakiwayo kufika kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ipelekwe katika saa 24. Katika ajali nyingine, tajiri anazo siku 7, tangu alipopata habari, za kumwarifu Mkurugenzi kwa karatasi iliyowekwa kwa kazi hiyo, ambayo huitwa DOSH/WIBA 1. Karatasi hiyo ina mahali pa kujazwa na tajiri na mahali pa kujazwa na daktari.

Hapa pana neno ambalo wenye mashamba wengi hawalijui. Tajiri hana ruhusa ya kuizuia habari kwa sababu yeye mwenyewe haamini. Mfanya kazi akisema ameumia kazini, hata kama tajiri aona ya kuwa aliumia kwenye kilabu cha pombe, habari lazima ipelekwe. Tajiri aweza kuandika mashaka yake, lakini hawezi kuwa mshitakiwa na hakimu katika shauri moja.

Na tajiri akikataa kabisa kupeleka habari? Mfanya kazi, au mtu wake, aweza kwenda mwenyewe katika ofisi ya usalama na afya kazini inayohudumia kaunti yake, au katika ofisi ya kazi akaelekezwe. Dai la fidia litolewe katika miezi 12 tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kufa ikiwa mtu amekufa. Tena haki yenyewe hupotea ikiwa ajali haikuarifiwa kwa tajiri katika miezi hiyo 12, isipokuwa ikithibitishwa ya kuwa tajiri aliipata habari kwa njia nyingine. Miezi 12 yaonekana mingi kwa mtu mwenye afya. Kwa mtu anayeuguza mkono nyumbani kwao, mbali na shamba alikoumia, hupita kama msimu mmoja wa mahindi.

Mali bila daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na fidia ni mali. Kwa hiyo mfanya kazi, au ndugu yake anayejua kusoma, aandike siku ile ile mambo haya: tarehe na saa, mahali, kazi iliyokuwa ikifanywa na nani aliyeiagiza, mashine au chombo kilichoumiza, majina ya waliokuwapo, na jina la hospitali. Karatasi zote za hospitali zitunzwe, hata kijikaratasi cha dawa. Picha ya mashine na ya jeraha ikipigwa kwa simu, ni ushahidi mwema.

Yafaa pia kuwa na ushahidi wa mshahara, maana malipo yote huhesabiwa kutoka hapo. Kibarua wa shamba dogo mara nyingi hana kadi ya mshahara. Lakini akilipwa kwa M-Pesa, jumbe zile za simu ni daftari, asizifute. Akilipwa kwa mkono, kijitabu alichoandika siku zake za kazi, na mashahidi waliolipwa pamoja naye, vyaweza kumsaidia. Na ikiwa tajiri humpa chakula au nyumba pamoja na mshahara, hayo nayo yana thamani katika kuhesabu mapato yake, basi yatajwe.

Hesabu ya malipo

Malipo ni ya namna tatu, na watu huyachanganya.

Ya kwanza ni ya muda. Mfanya kazi akishindwa kufanya kazi siku 3 au zaidi kwa ajili ya ajali, hupata malipo yaliyo sawa na mapato yake wakati anapougua, kwa muda usiozidi miezi 12.

Ya pili ni ya ulemavu wa kudumu. Mtu akipona lakini kiungo kimepungua, daktari hupima upungufu huo kwa mia. Sheria ina orodha yake: mtu aliyepoteza mikono yote miwili, au macho yote mawili, amehesabiwa kuwa amepoteza 100 kwa mia. Majeraha mengine hupimwa chini ya hapo. Kisha huchukuliwa mshahara wa miezi 96, ukazidishwa kwa kipimo hicho.

Ya tatu ni ya kifo. Mtu akifa kwa ajali ya kazi, watu waliomtegemea hulipwa fidia inayohesabiwa kwa mshahara wa miezi 96, na gharama za mazishi zilizo za haki humwangukia tajiri.

Msomaji na achukue mfano ili hesabu ionekane. Kijana mmoja alisha ng'ombe katika boma la mzee fulani, kwa mshahara wa shilingi 10,000 kwa mwezi. Mashine ya kukatia majani yamkata vidole viwili. Akaa miezi miwili pasipo kazi. Akipona, daktari asema upungufu wake ni 12 kwa mia. Kwa miezi ile miwili, atapata shilingi 20,000. Mshahara wa miezi 96 ni shilingi 960,000, na 12 kwa mia ya hizo ni shilingi 115,200. Jumla ni shilingi 135,200, nje ya gharama za hospitali, ambazo ni juu ya tajiri.

Sasa na ilinganishwe hesabu hiyo na jambo linalotokea katika boma nyingi. Mzee ni mtu mwema, na moyo wake umeumia. Amwita kijana barazani, amwambia, “Pole sana, mwanangu. Haya ni mambo ya nyumbani, tuyamalize hapa hapa. Ofisini watatusumbua sote wawili.” Kijana ajibu, “Sawa, Mzee,” kwa kuwa amekula katika nyumba ile miaka minne na hataki kuonekana mtovu wa shukrani. Mzee atoa shilingi 5,000, na mbuzi mmoja wa kupeleka kwao. Karatasi yaandikwa ya kwamba kijana ameridhika na hatadai kitu tena. Kijana atia dole gumba, ambalo bado analo.

Hakuna aliyemwibia mwenziwe kwa kusudi. Lakini kijana ameuza shilingi 135,200 kwa shilingi 5,000 na mbuzi, na vidole havitaota. Na mzee naye asifikiri amenunua usalama. Sheria haiyapi nguvu mapatano ya kuiacha haki ya fidia. Kijana akienda ofisini mwezi wa 10, karatasi ile yenye dole gumba haitamzuia, na mzee atatakiwa alipe fidia kamili, na aeleze pia kwa nini hakupeleka habari katika siku 7. Wema wake umekuwa hasara kwake na kwa mwenzake.

Huruma ni jambo jema, wala sheria haikuikataza. Mzee na ampe kijana mbuzi, na amtembelee hospitalini, na ampelekee mama yake unga. Lakini hayo yawe juu ya fidia, yasiwe badala ya fidia.

Upande wa mwenye shamba

Mwenye shamba dogo atauliza, “Nitatoa wapi shilingi laki moja na zaidi, nami nauza maziwa lita 20?” Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika sheria ile ile. Kila mwajiri ametakiwa kuwa na bima kwa ajili ya ajali za wafanya kazi wake. Ikiwa ana bima, kampuni ya bima ndiyo itakayolipa, naye atabaki na shamba lake na jina lake. Ikiwa hana, deni ni lake mwenyewe, na ng'ombe waweza kuuzwa. Mtu hungoja ng'ombe wake wafe kwa ugonjwa ndipo achanje? Bima nayo hukatwa kabla ya ajali. Wala malipo ya bima hiyo yasikatwe katika mshahara wa mfanya kazi. Jambo hilo limekatazwa.

Wengine husema, “Mimi namlipia NSSF, hiyo yatosha.” Haitoshi. Fedha za NSSF ni akiba ya uzeeni. Bima ya matibabu ya taifa nayo ni jambo jingine. Hakuna moja kati ya hizo inayochukua mahali pa bima ya ajali za kazi.

Na kuzuia ni rahisi kuliko kulipa. Sheria ya usalama na afya kazini, nayo ya mwaka 2007, yamtaka tajiri aweke kinga katika mashine za hatari, awafundishe watu kabla ya kuwapa kazi, na awape mavazi ya kujikinga. Kipande cha bati kwenye mdomo wa mashine ya majani, na kijiti cha kusukumia badala ya kiganja, vingeokoa vidole vingi. Glavu na buti za mpira kwa mpiga dawa, na maji na sabuni karibu naye, si anasa. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi, sheria yataka pawe na kamati ya usalama, ambamo wafanya kazi nao wana watu wao. Na mfanya kazi akiona hatari iliyo karibu, kama trekta lisilo na breki, amwarifu msimamizi wake. Wala msimamizi hana haki ya kumrudisha katika hatari ile kabla haijaondolewa.

Mfanya kazi naye ana wajibu wake. Asivue kinga ya mashine ili kazi iende upesi. Asije kazini amelewa. Sheria inasema ya kuwa mtu aliyejiumiza kwa ukaidi wake wa kusudi hatalipwa, isipokuwa jeraha lake limekuwa kubwa, yaani ulemavu wa kudumu wa 40 kwa mia au zaidi, au amekufa. Neno hilo la mwisho liliwekwa kwa busara, maana watoto wa marehemu hawakufanya ukaidi wowote.

Jambo jingine ni la safari. Mashamba mengi huwachukua watu kwa lori au trekta lenye tela. Ikiwa gari limetolewa na tajiri mahsusi kwa kuwachukua watu kwenda au kutoka kazini bila malipo, na likiendeshwa naye au na mfanya kazi wake, ajali ya njiani yahesabiwa kuwa ajali ya kazini.

Ikiwa hawakupatana

Zamani kidogo, watu wengi walikwenda moja kwa moja mahakamani kumshitaki tajiri. Njia hiyo ilileta mabishano makubwa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilisema ya kuwa sehemu kadha wa kadha za sheria mpya hazipatani na Katiba. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilizirudisha nyingi kati ya hizo, na tarehe 3 Desemba, 2019, Mahakama ya Juu ikakubaliana na uamuzi huo. Maana yake kwa mtu wa shamba ni hii: dai la fidia ya ajali ya kazi huanzia kwa Mkurugenzi, si mahakamani. Basi mtu ajihadhari na madalali wanaozunguka hospitalini wakiahidi kesi za mamilioni. Aulize kwanza ofisini, mahali ambapo kusikilizwa hakuhitaji dalali.

Dai likiisha kupelekwa na Mkurugenzi kwa tajiri au kwa bima yake, lapasa kulipwa katika siku 90. Mtu asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi, awe mfanya kazi au tajiri, anazo siku 60 za kupeleka pingamizi. Mkurugenzi amjibu kwa maandishi katika siku 14. Asiporidhika na jibu hilo, anazo siku 30 za kukata rufani katika mahakama ya kazi. Siku hizi ziandikwe ukutani kwa makaa, maana shauri zuri laweza kufa kwa kuchelewa siku moja.

Na mtu asiyejua kusoma, au anayeogopa kusimama peke yake mbele ya karani, asione haya kutafuta msaada. Chama cha wafanya kazi wa mashamba, kiitwacho kwa kifupi KPAWU, kimekuwapo tangu mwaka 1963, na katika mashamba makubwa kina watu wake. Mahali pasipo na chama, mwalimu wa shule, kiongozi wa kanisa au wa msikiti, au chifu, aweza kumwandikia barua na kumpeleka ofisini. Na mtu yeyote anayemtisha mfanya kazi ili asidai haki yake, afanya kosa mbele ya sheria.

Mambo ya kukumbuka

1. Okoa uhai kwanza: bonyeza jeraha, inua kiungo, nenda hospitali, chukua chupa ya sumu.

2. Mpe tajiri habari siku ile ile, mbele ya shahidi.

3. Tajiri apeleke habari kwa Mkurugenzi katika siku 7. Mtu akifa, habari iende katika saa 24.

4. Andika kila jambo, tunza kila karatasi, usifute jumbe za mshahara.

5. Dai lisipite miezi 12.

6. Usitie sahihi wala dole gumba katika karatasi ya kuiacha haki yako.

7. Mwenye shamba, hata mwenye ng'ombe watatu, akate bima kabla ya ajali, na aweke kinga katika mashine leo.

Watu wengine huona ya kuwa kudai fidia ni kumshambulia tajiri, na tajiri huona ya kuwa kuarifu ajali ni kujishitaki mwenyewe. Mawazo yote mawili yana makosa. Sheria hii haiulizi kwanza nani mwovu. Yauliza kama mtu aliumia kazini, na amepungukiwa na nini. Ikifuatwa kwa haraka na kwa ukweli, mfanya kazi hupata cha kumlisha mpaka mkono upone, au cha kuanzia maisha mengine ikiwa hautapona. Na mwenye shamba hulala usingizi, akijua ya kuwa hakuna deni linalomngoja mlangoni mwake. Wote wawili waweza kuendelea kusalimiana njiani, jambo ambalo kwa majirani lina thamani yake pia.